Sheria za bunduki Marekani: zilianzia mijini, zimeishia kwenye hifadhidata

Leo naomba tuweke pembeni mambo ya seva na programu, tuzungumze historia. Msikimbie! Mkivumilia hadi mwisho mtaona kwamba historia hii imeishia ndani ya hifadhidata, na ndiyo maana mtu wa tarakilishi kama mimi imeninasa.

Mada ni bunduki za Marekani. Kila watu wanapouawa kwa risasi kule, shuleni au dukani, sisi huku hurudia mambo mawili. La kwanza, kwamba tangu zamani Wamarekani walijibebea bunduki watakavyo na hakuna aliyewauliza. La pili, kwamba siku Washington ikiamua, itapitisha sheria moja na mambo yataisha. Yote mawili si kweli. Sheria za silaha zilikuwepo kule hata kabla ya nchi yenyewe kuzaliwa, na nyingi hazikutoka Washington. Zilitoka kwenye mabaraza ya miji na mabunge ya majimbo. Serikali kuu haikuwa na sheria kubwa ya bunduki kwa raia mpaka mwaka 1934.

Kwa sisi tuliozoea Kenya, ambako sheria ya bunduki ni ileile kutoka Lamu hadi Busia, jambo hili linataka kuzoewa. Kule, mtu mwenye kibali cha kubeba bastola Pennsylvania akivuka daraja na kuingia New Jersey amekuwa mhalifu, kwa sababu New Jersey haitambui kibali cha jimbo lingine lolote. Wale wenye ndugu ughaibuni waambieni mapema.

Ili tusipotee njiani, shikeni maswali matatu. Karibu kila sheria ya silaha niliyoisoma inajibu mojawapo: silaha gani? Mahali gani? Mtu gani? Maswali mawili ya kwanza yana historia ya kawaida kabisa. La tatu ndilo lenye uchungu.

Kabla ya katiba

Mwaka 1619 bunge la kwanza la koloni la Virginia lilikutana Jamestown. Mojawapo ya sheria zake iliwakataza walowezi kuwauzia au kuwapa wenyeji wa asili bunduki, risasi au baruti. Adhabu ilikuwa kunyongwa. Mwaka 1680 Virginia hiyohiyo ilipitisha sheria iliyomkataza Mwafrika kubeba rungu, fimbo, bunduki, upanga au silaha nyingine yoyote. Adhabu: viboko 20 mgongoni. Kwa hiyo swali la "mtu gani" lilianza mapema sana.

Miji nayo ilikuwa na hofu yake, hofu ya moto. Nyumba nyingi zilikuwa za mbao na baruti ilihifadhiwa majumbani. Mwaka 1783 Massachusetts ilitunga sheria maalum kwa ajili ya mji wa Boston: usiingize ndani ya nyumba, ghala au duka bunduki iliyoshindiliwa baruti. Ukipatikana, faini ni pauni 10. Sababu iliyotajwa ni hatari kwa wale waliokwenda kuzima moto. Mwaka uliofuata New York iliweka kikomo cha baruti nyumbani, ratili 28, yaani karibu kilo 13, tena igawanywe kwenye vyombo vinne.

Kisha mwaka 1791 yakaja yale Marekebisho ya Pili ya Katiba, yanayotaja wanamgambo na haki ya watu kuwa na silaha na kuzibeba. Lakini sikilizeni vizuri hapa. Mwaka 1833 Mahakama ya Juu iliamua kwamba haki zilizoorodheshwa katika marekebisho hayo ya mwanzo zinaifunga serikali kuu peke yake. Majimbo hayakufungwa nazo, yalibaki na katiba zao. Kwa hiyo kwa muda mrefu sana jimbo au mji uliotaka kuzuia silaha haukuwa na haja ya kuyaogopa Marekebisho ya Pili.

Kisu kilichotikisa mabunge

Karne ya 19 ilipoanza, tatizo la majimbo ya kusini halikuwa bunduki ndefu ya kuwindia. Lilikuwa silaha ndogo iliyofichwa ndani ya koti. Kentucky na Louisiana zilikataza kubeba silaha kwa kificho mwaka 1813. Mwanamume mmoja wa Kentucky alitozwa faini kwa kubeba upanga uliofichwa ndani ya mkongojo, akakata rufaa, na mwaka 1822 mahakama ya jimbo ikafuta sheria ile. Watu wa Kentucky walifanya nini? Walipoandika katiba mpya mwaka 1850, waliandika wazi kwamba bunge lao linaweza kukataza silaha za kificho. Majimbo mengine nayo yaliendelea kutunga sheria kama hizo, na mahakama nyingi za majimbo zikazikubali.

Kisha kikaja kisu cha Bowie. Mwaka 1827, karibu na Natchez, Mississippi, Jim Bowie alipigana kwa kisu kikubwa, habari ikaenea magazetini, na kila kijana akataka chake. Mwaka 1837 Alabama iliweka ushuru wa dola 100 kwa kila kisu cha namna hiyo kitakachouzwa. Hizo zilikuwa pesa nyingi mno, kwa hiyo ushuru ule ulikuwa marufuku kwa jina lingine. Mwaka huohuo Georgia ilikataza kuviuza, pamoja na bastola nyingi.

Na kama unadhani walikuwa wanatia chumvi, Desemba 1837 bunge la Arkansas lilikuwa likijadili mswada kuhusu malipo ya kuua mbwa mwitu. Spika John Wilson na mbunge J. J. Anthony wakarushiana maneno. Spika akashuka kitini na kisu, Anthony naye alikuwa na chake, na Anthony akauawa palepale mbele ya wabunge wenzake. Wilson alifukuzwa bungeni, lakini mahakama ikamwachilia.

Kaskazini walitumia njia nyingine. Massachusetts mwaka 1836 ilisema kwamba mtu anayetembea na silaha bila sababu ya kuogopa shambulio anaweza kushtakiwa na raia mwenzake, kisha hakimu akamtaka aweke dhamana kwamba atatunza amani. Kumbukeni sheria hii ya dhamana. Itarudi.

Magharibi ya sinema

Sasa tuje kwa akina kauboi. Wengi wetu tulizijua bunduki za Marekani kupitia sinema hizo, ambapo kila mtu ana bastola kiunoni na sheria haipo. Ipo picha maarufu ya miaka ya 1870 ya mtaa wa Dodge City, Kansas. Katikati ya barabara pana limesimama bango kubwa linalosema kubeba bunduki ni marufuku kabisa.

Tombstone, Arizona, nako Aprili 1881 baraza la mji lilipitisha kanuni namba 9. Mgeni akifika mjini aache silaha zake, achukue anapoondoka. Tarehe 26 Oktoba mwaka huo mkuu wa polisi wa mji, Virgil Earp, alikwenda na ndugu zake, akiwemo Wyatt, kuwanyang'anya silaha wanaume waliokuwa wamezibeba mjini kinyume cha kanuni hiyo. Risasi zikalia kwa takriban sekunde 30 na watu watatu wakafa. Ndiyo ile vita ya O.K. Corral iliyotengenezewa sinema chungu nzima. Wachache wanaotazama hujua kwamba kisa kilianza kwa sheria ya mji ya kuzuia silaha!

Texas, ambayo leo haimdai mtu mzima anayestahili kuwa na bastola kibali cha kuibeba, mwaka 1871 ilikuwa imekataza kubeba bastola isipokuwa kwa sababu chache. Mahakama ya jimbo iliikubali sheria hiyo.

Mtu gani?

Turudi kwenye lile swali la tatu. Mwaka 1857, katika kesi ya Dred Scott, Jaji Mkuu Roger Taney alikataa kwamba Mtu Mweusi anaweza kuwa raia. Moja ya hoja zake ilikuwa kwamba akiwa raia, basi atakuwa na haki ya kumiliki na kubeba silaha popote aendapo. Yaani kwake jambo hilo lilikuwa la kutisha kiasi cha kutosha kumaliza ubishi.

Vita ya wenyewe kwa wenyewe ikaisha mwaka 1865, utumwa ukavunjwa, na majimbo ya kusini yakatunga haraka sheria za kuwabana walioachwa huru. Mississippi, Novemba 1865, ilikataza mtu aliyekombolewa kuwa na bunduki, risasi au kisu cha Bowie bila leseni ya halmashauri ya kaunti. Louisiana mwaka huo ilikataza kubeba bunduki kwenye shamba au ardhi ya mtu bila ruhusa ya mwenyewe. Ukiisoma hiyo ya Louisiana peke yake unaona ulinzi wa mali. Ukikumbuka ni nani aliyekuwa na mashamba na ni nani aliyetembea katikati ya mashamba hayo, unaona jambo lingine.

Marekebisho ya 14 ya mwaka 1868 yalidai sheria imlinde kila mtu sawasawa, kwa hiyo neno "Mweusi" likatoka kwenye maandishi. Ujanja ukabaki. Mwaka 1879 Tennessee ilikataza kuuza bastola zote ila zile za aina iliyotumiwa na jeshi. Bastola za jeshi zilikuwa ghali. Maskini, na hasa maskini Mweusi, hakuweza kuzinunua, na wanajeshi wa zamani waliokuwa Wazungu walikuwa nazo tayari.

Florida mwaka 1893 ilidai leseni kwa bunduki za kurudia risasi kama Winchester. Ukisoma kifungu huoni rangi ya mtu. Lakini mwaka 1941 kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Florida, na jaji mmoja, Buford, akaandika bila kuficha kwamba sheria ile ilipitishwa ili kuwanyang'anya silaha vibarua Weusi na haikukusudiwa kamwe kwa Wazungu. Ni nadra jaji kuandika jambo hilo wazi namna hiyo.

New York, Chicago, Sacramento

Januari 1911 mwandishi wa riwaya David Graham Phillips alipigwa risasi karibu na Gramercy Park, New York, na aliyempiga akajiua. Mwaka huohuo mwanasiasa Timothy Sullivan, aliyejulikana kama Big Tim, alipitisha sheria yenye jina lake hadi leo. Kumiliki bastola ndogo inayoweza kufichwa kukahitaji leseni, na kuibeba bila leseni likawa kosa kubwa la jinai. Anayetoa leseni ndiye aliyeamua nani anastahili. Jiji lilikuwa limejaa wahamiaji na magazeti yakiwasema vibaya Waitaliano, kwa hiyo swali la "mtu gani" lilikuwa palepale, safari hii limekabidhiwa ofisa wa leseni.

Baadaye ikaja bunduki ya rashasha. West Virginia ilitunga sheria dhidi yake mwaka 1925. Tarehe 14 Februari 1929 watu saba waliuawa ndani ya gereji moja Chicago, na majimbo mengi yakafuata. Serikali kuu ilipoweka ushuru wa dola 200 mwaka 1934, ilikuwa inatembea nyuma ya majimbo.

Tarehe 2 Mei 1967 kundi la Black Panther, watu wapatao 30, liliingia na bunduki katika jengo la bunge la California mjini Sacramento. Kubeba bunduki wazi hakukuwa kosa California wakati huo, na wao walikuwa wakiitumia haki hiyo kuwafuata polisi mitaani Oakland na kuangalia wanavyowakamata Weusi. Walikwenda bungeni kupinga mswada wa mbunge Don Mulford. Miezi isiyotimia mitatu baadaye gavana aliutia sahihi: ni marufuku kubeba hadharani bunduki yenye risasi. Gavana huyo ni Ronald Reagan. Chama cha wenye bunduki, NRA, kiliunga mkono sheria hiyo. Ndiyo, hicho hicho unachokijua.

Mji dhidi ya jimbo

Mwaka 1981 mji mdogo wa Morton Grove, Illinois, ulipiga marufuku kumiliki bastola. Mwaka 1982 mji wa Kennesaw, Georgia, ukajibu kwa kanuni inayomtaka kila mkuu wa nyumba awe na bunduki, ingawa asiyetaka aliruhusiwa kukaa bila. Watu walicheka, lakini wapinzani wa udhibiti waliona hatari: miji ni mingi mno, huwezi kupigana nayo mmoja mmoja. Wakaenda kwenye mabunge ya majimbo kuomba sheria za kuinyima miji mamlaka ya kudhibiti bunduki. Leo zaidi ya majimbo 40 yana sheria ya namna hiyo. Florida ilikuwa nayo mwaka 1987, na mwaka 2011 iliongeza meno: kiongozi wa mji anayepitisha kanuni ya bunduki kwa makusudi anaweza kutozwa hadi dola 5,000 na kuondolewa kazini.

Kibali cha kubeba nacho kikalegea. Vermont haijawahi kukidai. Alaska ililegeza mwaka 2003, na mwaka 2024 South Carolina ikawa jimbo la 29 ambapo mtu anabeba bastola bila kibali. Kwa hiyo tukisema Marekani "imekuwa hivi siku zote", tunazungumzia hali ambayo kwa sehemu kubwa ni changa kuliko kijana wa sekondari.

Historia inapogeuka kuwa sheria

Sasa tufike kwenye hifadhidata. Mwaka 2008 Mahakama ya Juu, kwa kura 5 dhidi ya 4, ilisema Marekebisho ya Pili yanampa mtu binafsi haki ya kuwa na bastola nyumbani. Mwaka 2010 ikasema haki hiyo inayafunga majimbo na miji pia, karibu karne mbili baada ya ule uamuzi wa 1833. Juni 2022, kwa kura 6 dhidi ya 3, ikaangusha sharti la New York lililotokana na ile sheria ya Sullivan, kwamba anayetaka kubeba bastola aonyeshe sababu ya pekee. Na jaji Clarence Thomas akaweka kipimo kipya: sheria ya silaha inayogusa haki hiyo itasimama ikiwa tu serikali itaonyesha kwamba inalingana na mila ya kihistoria ya nchi.

Mtengenezaji programu mwenzangu, fikiria bosi akikwambia huruhusiwi kuweka programu yoyote kwenye seva mpaka uonyeshe inayofanana nayo iliyotumika mwaka 1791. Utafanya nini? Utaanza kutafuta. Na ndicho mawakili wanachofanya. Chuo Kikuu cha Duke kina hifadhidata ya sheria za kale za silaha, iliyo wazi kwa yeyote, na unaweza kuchambua kwa mwaka, kwa jimbo na kwa aina ya sheria. Sheria za baruti, za visu, za dhamana, zote zimo. Kitu kilichokuwa burudani ya wanahistoria sasa kinaamua nani atabeba bastola ndani ya basi.

Mimi nina wasiwasi wa kikazi. Kila anayefanya kazi na data anajua kwamba matokeo sifuri hayathibitishi kwamba kitu hakikuwepo. Kanuni za miji midogo ziliandikwa kwenye madaftari, nyingine zikaungua, nyingine hazijaingizwa kwenye tarakilishi mpaka leo. Na hata pale ambapo kweli hakukuwa na sheria, huenda hakukuwa na tatizo. Bastola ya 1791 ilitoa risasi moja, ukaanza kushindilia upya. New Jersey mwaka 2018 ilipokataza kusambaza mafaili ya kuchapisha bunduki kwa printa ya 3D, ingetafuta babu wa sheria hiyo wapi?

Kisha kuna swali la nani alihesabiwa zamani. Zackey Rahimi wa Texas aliwekewa amri ya mahakama mwaka 2020 kwa kumshambulia mwanamke aliyezaa naye mtoto, na sheria ya serikali kuu ilimkataza mtu wa namna hiyo kuwa na bunduki. Mahakama ya rufaa ilifuta sheria hiyo mwaka 2023 kwa kukosa mfano wa kale. Bila shaka hawakuupata! Wanaume waliotunga sheria karne ya 18 hawakuona kumpiga mke kuwa jambo la kumnyang'anya mtu bunduki. Juni 2024 Mahakama ya Juu ilirekebisha, kwa kura 8 dhidi ya 1, ikisema hahitajiki pacha wa kale, inatosha kanuni iliyo nyuma ya sheria ilingane. Ushahidi mmojawapo? Sheria za dhamana, kama ile ya Massachusetts ya 1836. Miaka miwili tu kabla, katika kesi ya New York, mahakama hiyohiyo iliona sheria hizo hazitoshi, na kanuni za miji ya magharibi kama Tombstone zikawekwa kando kwa kuwa zilihusu watu wachache na kwa muda mfupi.

Na ile ya Louisiana ya 1865? Hawaii ilipotaka wenye bastola waombe ruhusa kabla ya kuingia nazo dukani au hotelini, moja ya sheria za kale zilizotumiwa kuitetea ilikuwa hiyohiyo, na Oktoba 2025 Mahakama ya Juu ilikubali kusikiliza kesi hiyo. Yaani sheria iliyotungwa kuwabana watumwa wa jana imeletwa mahakamani kama shahidi wa mila ya taifa. Ukiikubali, umemheshimu aliyeitunga. Ukiitupa, lazima ueleze kwa nini nyingine za wanaume walewale umezibakiza.

Mimi naona kwamba anayesema udhibiti wa silaha ni kitu kigeni Marekani hajasoma bango la Dodge City, na anayesema udhibiti siku zote ulikuwa wa nia njema hajasoma maneno ya jaji Buford. Wewe je? Sheria ya zamani iliyotungwa kwa nia mbaya inaweza kutumika leo kwa nia njema? Niandikieni maoni yenu hapo chini, nami nitajibu. Wiki ijayo tunarudi kwenye seva, naahidi.